Ilianza kwa Kukosa Usingizi

Kila baada ya miaka michache, Wakenya hukumbushwa jina la Conjestina Achieng. Ni yule bondia wa Siaya ambaye mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ndondi. Baadaye akaugua akili. Tangu hapo tumeuona mzunguko uleule: picha yake inaenea, watu wanasikitika, michango inaitishwa, anapelekwa kutibiwa, anarudi nyumbani, kisha kimya. Septemba 2022 alichukuliwa tena, safari hiyo na aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, akapelekwa kituo cha matibabu Mombasa. Simlaumu aliyemchukua. Wala siwalaumu jamaa zake, waliobeba mzigo huo miaka yote ambayo kamera hazikuwepo. Ila tukubali kwamba sisi wengine hushtuka pale ugonjwa unapokuwa mbaya kiasi cha kupigwa picha. Mwanzo wake hatuujui, na hatukuuliza.

Ikiwa mtu anayejulikana nchi nzima hukumbukwa kwa vipindi, basi kijana wa Gatwekera kule Kibera, au wa Gatina hapa Kawangware, atakumbukwa na nani? Mwanzo wa ugonjwa wake utaonwa na watu wanne au watano tu: mama, ndugu anaolala nao chumba kimoja, jirani wa mlango wa pili, labda pasta. Wakikosa kuelewa wanachokiona, hakuna mwingine.

Kisa ninachokisimulia nimekiunganisha kutoka nyumba zaidi ya moja za mitaa hii miwili, na nimeacha majina, asije mtu akanyooshewa kidole njiani. Anayeishi huku atakitambua, na huenda akaitambua nyumba yake.

Kijana alikuwa na miaka 21. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anafanya kazi za mjengo Kileleshwa huku akiweka akiba ya kwenda chuo. Mama yake aliuza mboga karibu na steji ya 46. Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa usingizi. Usiku alikaa macho, mgongo ukiegemea mlango, asubuhi akienda kazini hajalala. Mama akasema ni mawazo ya karo. Ni jibu la busara. Hata mimi ningelitoa hilohilo, maana nani huku halali vibaya kwa sababu ya pesa?

Kisha akaacha kwenda kutazama mpira na wenzake. Akaacha kuoga, yeye aliyekuwa akipiga pasi hata fulana. Wadogo zake wakamcheka. Baada ya miezi kadhaa akaacha na kazi, akisema msimamizi na vibarua wenzake wanamsengenya kwa maneno ya mafumbo. Hapo nyumba ikapata majina mawili ya kumpa: mvivu na mvuta bangi. Mjomba wake wa Kibera alikuja Jumapili moja, akamkalisha chini, akamgombeza mpaka jioni. Kijana alimwambia, "Mjomba, wewe huwasikii tu." Mjomba akadhani ni ufidhuli.

Hapo kwenye bangi nataka tusimame kidogo. Ni kweli kwamba kuvuta bangi sana katika umri mdogo huongeza hatari ya skizofrenia, ugonjwa wa akili ninaouzungumzia hapa, na kijana huyu alikuwa ameivuta mara kadhaa. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba linaifunga kesi. Familia ikishasema "ni bangi", haitafuti tena daktari, inatafuta fimbo. Wapo wengi wanaougua bila kuigusa kabisa, na wapo wanaovuta kwa sababu sauti zimeshaanza na wanatafuta cha kuzituliza. Hata kama bangi imechangia, aliyeacha kulala na anayesikia watu wasiokuwepo bado anahitaji matibabu.

Dalili zilizofuata zilikuwa wazi zaidi, lakini mazingira yetu yalizificha. Alianza kuziba matundu ya misumari kwenye mabati kwa karatasi, akisema majirani wanamsikiliza. Sasa, katika ploti yenye ukuta wa mabati, majirani kweli wanakusikiliza! Unajua nani amekohoa na nani hajalipa kodi. Akatoa laini kwenye simu, akasema polisi wanamfuata. Nani huku hajaona vijana wakizolewa jioni na polisi? Ugonjwa huu hauleti hofu kutoka mbali. Huchukua hofu zilizopo mtaani na kuzizidisha, na ndiyo maana katika mitaa kama yetu mgonjwa anaweza kuonekana mwenye akili timamu kwa muda mrefu, kwa kuwa nusu ya anayoyasema ni kweli. Cha kutazama si kama jambo lenyewe linawezekana. Tazama kama linamtawala: je, analala? Anakula? Unaweza kumtoa kwenye wazo hilo hata kwa dakika 5? Je, redio ikisoma habari anaona inamtaja yeye?

Wala si suala la elimu. Mwanahisabati John Nash, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994, aliingia chumba cha mapumziko cha walimu pale MIT, Marekani, mapema mwaka 1959, akiwa ameshika gazeti la New York Times. Akasema lina ujumbe kutoka anga za mbali ambao yeye peke yake anaweza kuusoma. Alikuwa na miaka 30. Waliomzunguka walikuwa miongoni mwa watu wenye akili kali kuliko wote duniani, na walidhani anatania.

Mama wa kijana wetu alishtuka siku mwanawe alipokataa chakula chake. "Mama, umeambiwa uweke nini humu?" alimuuliza, akisukuma sahani ya sukuma na ugali. Usiku ule mama alilia, na asubuhi akaenda kwa pasta. Ndivyo wengi wetu tungefanya, na sioni haya kusema kwamba maombi ni tegemeo langu pia. Pasta akasema ni roho ya ukoo, akaagiza kesha na mfungo wa siku 3. Fikiria jambo hilo: mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi anakeshishwa, na mtu anayeogopa chakula anafungishwa. Baada ya mfungo hali yake ilikuwa mbaya zaidi, na waumini wakasema roho inapigana kabla ya kutoka. Ikafuata safari ya mashambani kwa mganga. Mtungi wa gesi uliuzwa kwa safari hiyo. Ulipofika wakati wa kutafuta hospitali, ndani hamkuwa na cha kuuza.

Hospitali yenyewe ilikuja kwa vurugu. Usiku mmoja alivunja dirisha la jirani akitafuta chombo cha kunasia sauti, mtu akapiga kelele za "mwizi", na umati ukajaa kabla mama hajafika mlangoni. Aliokolewa na mwendesha bodaboda aliyemfahamu tangu shule ya msingi, aliyesimama mbele yake akipiga kelele kwamba huyu ni mgonjwa. Alifungwa kamba, akapelekwa kituo cha polisi, kisha Hospitali ya Mathari. Tangu usiku wa kwanza wa kukosa usingizi, karibu mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita.

Mwaka mmoja na nusu unaweza kuonekana kama aibu ya Kawangware peke yake. Sivyo. Nchini Marekani, utafiti ulioitwa RAISE, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watu 404 waliokuwa wameugua kwa mara ya kwanza, katika kliniki 34 za majimbo 21. Nusu yao walikuwa wameishi na ugonjwa kwa wiki 74 au zaidi kabla ya kupata matibabu yanayofaa. Waliopewa huduma ya pamoja, yaani dawa kwa kipimo kidogo, mazungumzo na mshauri, mafunzo kwa familia, na msaada wa kurudi shuleni au kazini, waliendelea vizuri kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Lakini faida kubwa iliwaendea wale waliowahi. Waliochelewa walipata kidogo, ingawa kliniki na huduma zilikuwa zilezile.

Na kuchelewa huko kunaweza kupunguzwa. Katika mkoa wa Rogaland, Norway, kuanzia mwaka 1997, wataalamu walitumia magazeti, redio na shule kuwaeleza watu wa kawaida dalili za mwanzo, wakaweka kikundi ambacho yeyote angeweza kukipigia simu. Muda wa kusubiri matibabu ulishuka hadi wiki 5, huku maeneo waliyolinganishwa nayo yakiwa na wiki 16. Kampeni ilipositishwa, muda ukapanda tena hadi wiki 15. Madaktari hawakuhama wala dawa hazikubadilika. Kilichoondoka ni watu kuambiwa. Ndiyo maana naandika haya, na ndiyo maana nadhani yanapaswa kusemwa kwenye baraza la chifu, kanisani na kwenye chama cha akina mama, tena na tena.

Turudi kwa kijana. Ndani ya wiki chache Mathari alianza kulala. Akaanza kula. Alimwomba mama yake msamaha kwa ajili ya ile sahani. Akarudi nyumbani na pakiti za dawa, mtaa ukasema amepona, na hapo ndipo kosa la pili lilipoanza, kosa ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza kwa sababu sasa jina la ugonjwa lilikuwa linajulikana.

Dawa zilimkaza shingo. Mate yakamtoka, mikono ikatetemeka, na wadogo zake wakacheka tena. Hakuna aliyemwambia kwamba madhara hayo ni ya kawaida kwa baadhi ya dawa za zamani, kwamba kuna dawa nyingine ya kuyapunguza, na kwamba daktari anaweza kushusha kipimo au kubadilisha kabisa. Yeye aliona jambo moja: nikimeza nakuwa zezeta, nisipomeza niko sawa. Na kweli, wiki za kwanza baada ya kuacha alikuwa sawa. Hii ndiyo hila ya ugonjwa wenyewe. Dawa ikikatwa leo, mgonjwa haanguki kesho. Huchukua wiki, pengine miezi, na katika muda huo kila mtu nyumbani anaamini kwamba dawa haikuwa na kazi. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuatilia wagonjwa wa mara ya kwanza kwa miaka 5, ulionyesha kwamba kuacha dawa kuliongeza hatari ya kuugua tena karibu mara 5.

Nauli nayo ilikuwa na sehemu yake. Kutoka Kawangware unapanda matatu hadi mjini, unapanda nyingine ya Thika Road hadi Muthaiga, unapoteza siku nzima ya biashara, na ukifika unaweza kuambiwa dawa fulani hakuna, kanunue nje. Tarehe ya kwanza ya kliniki mama alienda naye. Ya pili kulikuwa na mvua na mboga zilikuwa zimeshanunuliwa. Ya tatu haikutajwa.

Kisha kulikuwa na chumba. Huko London, tangu miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waligundua jambo lililowashangaza: wagonjwa waliotoka hospitali na kurudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena mara nyingi zaidi kuliko waliokwenda kukaa nyumba za kupanga miongoni mwa wageni. Si kwamba familia inasababisha ugonjwa; haisababishi, na yeyote anayemwambia mama hivyo anamwonea. Kilichoumiza kilikuwa ukali wa maneno nyumbani, lawama za kila siku, na pia ule uangalizi wa kupita kiasi unaomfanya mtu mzima kuwa mtoto. Mwaka 1976, Christine Vaughn na Julian Leff walionyesha kwamba, katika nyumba za namna hiyo, hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mgonjwa anayekaa uso kwa uso na jamaa zake zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Saa 35! Katika chumba cha futi 10 kwa 10, chenye kitanda kimoja, pazia, na watu wanne, saa hizo huisha kabla ya Jumatano. Mgonjwa hana pa kwenda kupumzika na maneno, na mama hana pa kwenda kupumzika na mgonjwa. Ukisoma mafunzo yaliyoandikwa kwa nyumba zenye vyumba vya kulala vitatu, unaambiwa mpe nafasi. Nafasi ipi? Huku nafasi lazima itengenezwe kwa watu badala ya kuta: mjomba wa Kibera amchukue siku mbili kwa wiki, jirani amwache asaidie kibandani saa chache, kanisa limpe kazi ya kupanga viti. Na kama hilo haliwezekani, basi kupunguza maneno kunawezekana. "Wewe ni mvivu" hakujawahi kumtoa mtu kitandani. "Nakuomba unichotee mtungi mmoja" huenda kukamtoa.

Kijana aliugua tena kabla ya mwaka kwisha. Safari hii mjomba alitambua mapema, kwa usingizi uleule, na walifika hospitali bila kamba wala polisi. Lakini kupona kwa mara ya pili kulichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na chuo hajakwenda hadi leo.

Msomaji atasema hofu ya Mathari ndiyo iliyowachelewesha. Ni kweli kwa sehemu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Hospitali ilianza mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kutengea wagonjwa wa ndui, na kwa miongo mingi jina lake limekuwa tusi midomoni mwa Wanairobi. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kuhusu jinsi huduma za akili zilivyotelekezwa nchini. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka kutoka hapo kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini mwenye ugonjwa wa mwanzo mara nyingi hahitaji kuanzia Mathari. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanazitaka kaunti zitoe huduma hizi karibu na wananchi. Tuna kituo cha afya Riruta, kuna Kibera South, kuna hospitali ya Mbagathi. Hapo ndipo pa kubisha hodi kwanza, na hapo ndipo pa kuuliza dawa zinapokosekana. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Anayekuja kwako kuuliza habari za chanjo na shinikizo la damu, mwambie pia kwamba kijana wako halali.

Na pasta? Simtoi nje. Katika kaunti ya Makueni, watafiti wa taasisi iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei waliwakusanya waganga wa kienyeji na viongozi wa dini pamoja na wauguzi, wakawafundisha kutambua dalili na kuwatuma wagonjwa kliniki. Walikubali kufunzwa, wakatuma wagonjwa. Kumbe shida haikuwa imani. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuzungumza nao. Pasta anayesema "tutaomba, na kesho nitakusindikiza Riruta" ana nguvu kuliko daktari yeyote katika ploti zetu, kwa sababu mama atamsikiliza.

Majirani zetu Tanzania wamejaribu jambo ambalo natamani lifike huku. Katika mpango uliopewa jina la Kuwezeshana Kupata Uzima, wagonjwa na jamaa zao wa Dar es Salaam na Mbeya walikutana pamoja kwa vikundi, wakafundishwa ugonjwa ni nini, dawa zinafanya nini, dalili za kurudi ni zipi, na namna ya kusema bila kuumizana. Si gharama kubwa. Unahitaji chumba, muuguzi anayejua anachosema, na familia zinazogundua kwamba haziko peke yao. Kumbi za kanisa za Kibera na Kawangware hukaa tupu siku za kazi.

Wakati tunasubiri hayo, ukiona mambo haya nyumbani kwako, andika. Andika siku aliyoanza kutolala, siku aliyoacha kazi, maneno yenyewe aliyoyasema, alichovuta au kunywa, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo. Usibishane naye kuhusu sauti, wala usijifanye unazisikia. Mwambie unaona hana amani na kwamba unataka alale. Hilo la usingizi wengi hulikubali hata wanapokataa kuitwa wagonjwa. Mkienda kliniki, nendeni wawili pamoja naye, mmoja akae foleni na mwingine akae naye nje. Mkipewa dawa, ulizeni kabla ya kutoka: hii inaweza kumfanya nini mwilini, tukiona shingo inakaza tufanye nini, kuna sindano ya mwezi mmoja badala ya vidonge vya kila siku, ameze kwa muda gani hata akijisikia vizuri, na tarehe ya kurudi ni lini. Tarehe hiyo mpeni mtu wa tatu pia, mjomba au jirani, na mumwombe ajue nauli itatoka wapi.